Mbwa si seva

Wadau, kuna kisingizio ninachokisikia sana hapa Kericho kutoka kwa sisi watu wa kompyuta: "Mbwa ninaye, ila niko bize." Leo nakipinga.

Huyo huyo aliye bize ameandika skripti inayokagua seva yake kila baada ya dakika tano. Seva ikizima usiku wa manane, simu inalia, naye anaamka. Mbwa wake yuko kwenye mnyororo nyuma ya nyumba tangu asubuhi, mvua ya Kericho inamnyeshea, bakuli la maji limepinduka. Hakuna simu inayolia. Je, hapo kilichokosekana ni muda kweli?

Na msiniambie habari za kamera na mashine ya kumwaga chakula. Kamera itakuonyesha mbwa mpweke, haitamtembeza. Kama huna nusu saa asubuhi na jioni, mlipe kijana wa jirani, kama unavyolipia intaneti.

Halafu chanjo. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Hesabu yake ni rahisi: chanja asilimia 70 ya mbwa kila mwaka, ugonjwa ukose pa kupita. Dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona. Sindano ni mara moja tu kwa mwaka! Weka kikumbusho kwenye simu, umpeleke kwa daktari wa mifugo.

Hata siku hiyo moja huna? Basi usifuge mbwa. Funga alamu getini. Hiyo haisikii njaa.