Mshauri wa Masomo Asiwe Mtu wa Kocha

Vijana wetu wa Bonde la Ufa wamezoea njia ya kwenda vyuo vya Marekani kwa skolashipu ya mbio. Huku nyumbani tunahesabu mataji. Wachache huuliza kijana anasomea nini huko, na nani aliyemchagulia.

NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, tangu 1991 inavitaka vyuo vya Daraja la Kwanza viwape wanamichezo washauri wa masomo na walimu wa ziada. Ni sheria nzuri, na kazi ipo. Mazoezi na mashindano hayatakiwi kuzidi saa 20 kwa wiki, lakini siku nzima ya mashindano huhesabiwa saa 3, na safari haihesabiwi kabisa. Mkimbiaji wa masafa marefu ndiye anayeumia zaidi: akitoka mbio za nyika anaingia ukumbini, akitoka ukumbini anaingia uwanjani, na mwaka wa masomo umekwisha. Aliyekosa maabara Alhamisi na Ijumaa kwa sababu ya safari anahitaji mtu wa kumsaidia kufidia. Hilo halina ubishi. Tunachouliza sisi ni huyo mtu anamtumikia nani.

Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kilishatoa jibu, na halipendezi. Uchunguzi wa Kenneth Wainstein, uliotolewa Oktoba 2014, ulionyesha kuwa kwa miaka 18 wanafunzi zaidi ya 3,100 walipitia masomo yasiyo na mwalimu wala vipindi. Unaandika insha moja, anaisahihisha ofisa wa utawala wa idara ambaye si mwalimu, unapata alama ya juu. Karibu nusu ya walioandikishwa walikuwa wanamichezo. Hata Kiswahili kiliingizwa humo: wapo walioruhusiwa kuandika insha kwa Kiingereza juu ya utamaduni wa Waswahili, wakahesabiwa wamemaliza lugha ya kigeni.

Washauri wa masomo walijua. Ofisa huyo alipostaafu mwaka 2009, wawili kati yao walikwenda mbele ya makocha wa mpira wa Kimarekani na kuwaonyesha, kwenye skrini, hasara iliyowapata: yalikuwepo masomo ambayo mchezaji hakulazimika kuhudhuria, kuonana na profesa, wala hata kukaa macho, na sasa hayapo tena. Watu walioajiriwa kulinda elimu ya vijana wanaomboleza mwisho wa udanganyifu, tena mbele ya makocha! Mary Willingham, mtaalamu wa kusoma aliyefanya kazi katika kitengo cha chuo hicho cha kuwasaidia wanamichezo kimasomo, aliyasema hayo hadharani. Aliishia kuacha kazi, na mwaka 2015 chuo kikakubali kumlipa dola 335,000 kumaliza kesi aliyokifungulia. NCAA yenyewe ilihitimisha Oktoba 2017 kwamba haina kanuni ya kukiadhibu chuo, kwa kuwa masomo hayo yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote. Yaani kosa si la michezo, maana hata asiyecheza aliweza kudanganya.

Kashfa za namna hiyo hazitokei kila siku. Yanayotokea kila siku ni ya kimyakimya, na ni halali. Mwanamichezo lazima awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake anapoingia mwaka wa tatu, 60 mwaka wa nne, 80 mwaka wa tano, la sivyo haruhusiwi kushindana. Kanuni ilikusudia mema: kijana asichezeshwe miaka minne akatoka mikono mitupu. Lakini itazame ukiwa kwenye kiti cha mshauri. Msichana akisema anataka uhandisi, maabara zinagongana na mazoezi ya alasiri. Akianza uhandisi kisha akabadili mwaka wa pili, sehemu ya masomo yake haihesabiwi tena na asilimia zinashuka. Basi mshauri anamsukuma mapema kwenye shahada isiyo na hatari, ile ile waliyopelekwa wenzake wa timu. Hakuna sheria iliyovunjwa. Kijana tu ndiye amekosa uhandisi.

Inawezekana kufanya vinginevyo. Sally Kipyego alitwaa mataji tisa ya NCAA akiwa Texas Tech, na akahitimu uuguzi, fani yenye zamu za hospitali zisizosubiri ratiba ya kocha.

Msimamo wetu ni huu: kitengo cha kuwasaidia wanamichezo kimasomo kiwe chini ya uongozi wa taaluma, kwa bajeti ya taaluma. Kocha apewe taarifa za maendeleo ya mchezaji wake, ila asiwe na sauti katika kuajiri mshauri wala kumfukuza. Na mshauri apimwe kwa wangapi wamemaliza fani waliyoitaka wenyewe. Kuhesabu waliokuwa uwanjani Jumamosi ni kazi ya kocha. Na haja ya kuwatenganisha imezidi: tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Anayelipa fedha hizo hatafurahi kumwona mchezaji wake yuko maktaba.

Mzazi anayeletewa fomu ya skolashipu na wakala leo ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya yote. Mshauri wa masomo analipwa na idara gani? Wachezaji wa timu hiyo waliomtangulia kijana walihitimu fani zipi? Na skolashipu itakuwaje kijana akiumia goti mwaka wa pili? Wakala akisema hayo yatajulikana huko huko, fomu isitiwe saini.