Samaki tunao, lakini goita haiogopi bahari

Asubuhi moja nilikuwa ufuoni Munje nikingoja ngalawa zirudi, pamoja na akina mama karanga waliokuja na ndoo zao. Upepo wa kusi ulimfungua mmoja wao ushungi, na kabla hajaufunga upya nikaona uvimbe shingoni mwake, mkubwa kama kidaka cha nazi. Nilimsogelea nikamwuliza kwa sauti ya chini kama ameuonesha hospitali. Akacheka. "Goita si ya watu wa bara, dada? Sisi twala samaki kila siku. Hili ni rovu tu, hata nyanya yangu alikuwa nalo."

Jibu lake nimelisikia mara nyingi, kutoka Diani hadi Vanga. Lina mantiki yake, na ndiyo maana ni hatari.

Goita, au rovu kama walivyoliita wazee, ni kuvimba kwa tezi ya thairoidi iliyo mbele ya koo. Tezi hii hutengeneza homoni zinazoendesha mwili: mapigo ya moyo, joto, uzito, hedhi, na kwa mtoto, ukuaji wa ubongo. Ili ifanye kazi inahitaji madini ya iodini. Yakikosekana, hujitanua ikijaribu kunasa hata kile kidogo kilichopo. Ni kweli kwamba ugonjwa huu ulijulikana zaidi katika nyanda za juu, ambako mvua za karne nyingi zimeosha madini hayo kutoka ardhini. Hapo ndipo tulipojipa amani: wao wana milima, sisi tuna bahari.

Basi na tuvuke mkondo twende Pemba, kwa ndugu na jamaa za wengi wetu huku Kwale. Pemba ni kisiwa, na kuanzia Konde hadi Mkoani watu wanakula samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulipima watoto wa shule visiwani. Unguja, asilimia 21.3 walikuwa na goita. Pemba walikuwa asilimia 32, karibu mtoto mmoja katika kila watatu. Kipimo cha iodini katika mkojo wa watoto wa Pemba kilikuwa karibu nusu ya kiwango cha chini kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Kisha watafiti wakaingia jikoni. Unguja, nyumba 63 hivi katika kila 100 zilikuwa na chumvi iliyotiwa iodini. Pemba ilikuwa nyumba moja katika 100.

Samaki walikuwapo pande zote mbili. Kilichotofautiana ni chumvi.

Wengi tunadhani chumvi ya bahari ina iodini kwa sababu imetoka baharini. Sivyo. Maji yakikaushwa juani, iodini inayobaki ndani ya chumvi ni kidogo mno. Samaki anayo kiasi, lakini kipande kimoja kilichogawanywa kwa watu saba hakitoshelezi mahitaji ya siku ya mtu mzima, sembuse mama mjamzito anayehitaji zaidi. Kiumbe kinachokusanya iodini ni mwani, ule ule ambao akina mama wa Kibuyuni na wa Pemba wanaupanda, wanauanika na kuuza ng'ambo. Sisi hatuuli.

Kuna na muhogo. Kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu huko Kongo, wanasayansi waligundua miaka mingi iliyopita kwamba muhogo usioandaliwa vizuri una kemikali zinazozuia tezi kunasa iodini. Mwenye iodini ya kutosha hauwezi kumdhuru kwa njia hiyo. Mwenye upungufu, muhogo humzidishia. Kwale tunakula muhogo, na hakuna sababu ya kuuacha. Sababu ipo ya kuuloweka na kuupika ukaiva, na kuangalia chumvi tunayotia.

Hapa Kenya tumepiga hatua. Tangu miaka ya 1970 sheria inataka chumvi ya kuliwa itiwe iodini, na chumvi nyingi ya nchi hii inatoka pwani yetu wenyewe, kule Gongoni na Marereni, Magarini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011 ulionesha kuwa watoto wa shule, kwa jumla, wanapata iodini ya kutosha. Huo ni ushindi, lakini wastani wa taifa haumjui mama karanga wa Munje. Chumvi ya mawe inayonunuliwa kwa gunia kukaushia ng'onda si ya chunguni, ila mambo yakibana huingia chunguni. Na hata chumvi nzuri ikiachwa wazi katika unyevu wa huku kwetu, au karibu na moto, iodini hupotea. Iwekwe kwenye chombo chenye kifuniko, itiwe chakula kikikaribia kuiva. Wala sisemi tule chumvi nyingi. Presha imetuumiza vya kutosha. Kijiko kimoja cha chai kwa siku ndio mwisho wa mtu mzima.

Sasa, ikiwa chumvi imefika nyumba nyingi, mbona shingo bado zinavimba? Kwa sababu si kila ugonjwa wa thairoidi ni njaa ya iodini. Kuna tezi inayoshambuliwa na kinga ya mwili yenyewe, na kuna yenye vivimbe vinavyohitaji kuchunguzwa visije vikawa saratani. Tezi ikilegea, mtu huchoka, hunenepa bila kula sana, huhisi baridi, hedhi huvurugika, mimba hutoka. Ikizidisha kasi, moyo hwenda mbio, mikono hutetemeka, mwili hukonda, macho hutokeza. Wanawake huugua mara nyingi kuliko wanaume.

Na sisi twafanya nini? Anayetetemeka na kukesha twasema ana jini, tunamtafutia kombe. Aliyelegea twamwita mvivu. Dua ina nafasi yake, nami siachi kuomba. Lakini Mtume, rehma na amani zimshukie, alituamrisha pia kutafuta dawa. Ushungi ni stara, wala haukukusudiwa kuficha maradhi mbele ya daktari au muuguzi. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Anayenikosesha usingizi zaidi ni mtoto mchanga. Wapo wanaozaliwa na tezi isiyofanya kazi, takriban mmoja katika kila 2,000 hadi 4,000. Huwa halii sana, analala mno, anyonya kwa shida, umanjano hauishi, kitovu kinatokeza. Wageni wakija kumpongeza mama husema: mashallah, mtoto mpole! Kumbe kila wiki inayopita inapunguza akili yake. Akianza dawa ndani ya wiki mbili za kwanza, aweza kukua na kusoma kama wenzake. Akichelewa, kilichopotea hakirudi. Nchi nyingi tajiri humchukua kila mchanga tone la damu kisiginoni. Hapa kwetu kipimo hicho bado si cha kawaida.

Ndiyo sababu nawageukia viongozi wetu wa kaunti. Afya imegatuliwa tangu 2013. Tunaomba mambo matatu. Kipimo cha damu cha TSH kipatikane Msambweni siku zote, mgonjwa asilazimike kuvuka Likoni. Dawa za thairoidi, ambazo wengi huzimeza maisha yao yote, zisikatike. Na watoto wanaozaliwa katika hospitali zetu waanze kupimwa.

Nasi tuna letu. Tusome pakiti ya chumvi kabla ya kulipa. Mkunga na nyanya wakiona mtoto mpole kupita kiasi, wampeleke hospitali wiki hiyo hiyo. Na anayemeza vidonge vya thairoidi asiviache Ramadhani. Amwulize daktari namna ya kuvipanga usiku, kwani vyataka tumbo tupu.

Yule mama niliagana naye akiwa ameahidi kwenda kupimwa. Nilimwambia nitamsindikiza. Samaki wake wa siku hiyo walikuwa tasi, wazuri kweli. Nilinunua fungu, nikamwuliza wanawe wanapikiwa kwa chumvi gani. Akanyamaza kidogo, kisha akaonesha gunia lililokuwa chini ya meza.