Kwa Miguu Katika Uwanda wa Lusenga

Watu wengi wanapotajiwa hifadhi ya wanyama huona moyoni mwao simba, tembo na gari lenye paa lililofunguliwa. Juma hili twawapeleka wasomaji wetu mahali ambapo furaha yote imo miguuni na machoni.

Tuanzie Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, ufukoni mwa Ziwa Mweru. Ng'ambo ni Kongo, na msomaji wa pwani atastaajabu kusikia kuwa huko nako uko mji uitwao Kilwa, na kisiwa cha jina hilohilo upande wa Zambia. Alfajiri, wavuvi wanaporudi na chisense, dagaa wa huko wanaovuliwa usiku kwa taa, ndege nao huwa wamekwisha kuingia kazini: mnandi huzamia, furukombe hulia juu ya mti, yangeyange hunyemelea kando ya mafunjo. Mto Luapula unapoingia ziwani hutandaza kinamasi kikubwa, na humo yumo ndege mdogo wa kahawia ambaye wataalamu wamempa jina la mto huo. Hana urembo wowote, lakini mwenye subira atamtambua kwa sauti.

Bara ya ziwa, kuelekea Kawambwa, ndiko uliko uwanda wa nyasi wa Lusenga, uliozungukwa na vilima na kufanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1972. Kando yake hupita mto Kalungwishi, uendao Mweru kwa maporomoko kadhaa. Ya Lumangwe, yenye kimo cha zaidi ya mita 30, husifiwa kuwa makubwa kuliko yote yaliyo ndani ya Zambia peke yake. Yale ya Mosi-oa-Tunya yamo mpakani na Zimbabwe.

Lusenga ilikaa miaka mingi bila matunzo, na majangili wakamaliza wanyama wengi. Baadaye ikabidi wengine waletwe kutoka kwingineko. Ndege hawakuhitaji kuletwa. Sasa neno jingine limezuka: mpango wa kuzalisha umeme katika maporomoko ya Kabwelume na Kundabwika, mtoni humohumo. Wananchi wa Luapula wanastahili umeme, hatubishi. Lakini mto ukizuiwa, kina cha maji na kingo zake hubadilika, na ndege wa kingoni hawaulizwi. Kwa maoni yetu, wapangaji wangefanya vyema kutembea huko kwanza, kwa miguu, asubuhi.

Kwa watakaokwenda: miezi ya Mei hadi Oktoba ni mikavu na njia hupitika. Atakaye kuwaona mbayuwayu watokao Ulaya hana budi kungoja Novemba, na tope lake. Vaeni mikono mirefu, msiogeshe watoto mtoni kwa sababu ya mamba, na mwombeni askari wa hifadhi awaongoze. Lumangwe hufikiwa kwa barabara itokayo Kawambwa kwenda Mporokoso. Chakula fungeni nyumbani.