Uyoga nao ni uchumi, jamani!

Wadau, kila ikitajwa misitu yetu, utasikia mambo mawili tu: mbao na mkaa. Leo nataka tuongelee uyoga.

Miombo inayotanda kuanzia Tabora na Katavi hadi Iringa na Lindi huotesha uyoga mvua zikishakolea. Angalieni wakati wenyewe: ghala limekauka, mahindi shambani bado machanga, na watoto wanadai madaftari. Hapo ndipo mama anaingia porini alfajiri na ndoo yake, anachuma, anatoka kuuza barabarani. Jioni hela ya chumvi na sabuni imepatikana. Biashara hii haitaki mkopo wa benki. Inataka miguu na elimu ya kujua upi unalika na upi unaua, elimu aliyorithi kwa mama yake.

Kuna atakayesema: si wapande tu, kama sisi mjini tunavyopanda uyoga mamama? Haiwezekani. Uyoga mwingi wa miombo unaishi kwa kutegemeana na mizizi ya miti kama myombo na mtundu. Mti unaupa uyoga sukari, uyoga unausaidia mti kupata maji na madini. Ukikata mti, umekata na uyoga.

Simlaumu mchoma mkaa. Naye anatafuta riziki, na wateja wake wakubwa ni sisi wa mjini. Lakini gunia la mkaa huuzwa mara moja, na mara nyingi hela inaishia mfukoni mwa mwanaume. Mama anabaki na visiki, na mvua zijazo hana pa kwenda.

Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kunufaika na mapato yake. Safi sana. Swali langu ni moja: kamati ikikaa kupanga matumizi ya msitu, mchuma uyoga yupo kwenye kikao? Au wanahesabu magogo tu? Kama hayupo, basi tunagawana mali yake bila yeye.

Na sisi abiria wa mabasi tujitazame. Ndoo ya uyoga tunaiombea punguzo dirishani mpaka mama anachoka, halafu supamaketi tunalipa bei iliyobandikwa bila hata kuguna. Huo ni uungwana kweli?

Mnasemaje wadau?