Soma kwa sauti, jemu ikichemka

Shule zikifungwa Agosti, kilio cha wazazi wa mjini huwa kimoja: watoto wanashinda mbele ya televisheni, na mzazi akirudi jioni hana la kuwaambia ila kuwauliza kama wamekula. Wiki hii nakuletea dawa isiyo ghali: kitabu kimoja, sauti yako, na kitu kidogo cha kutafuna kilichopikwa nyumbani.

Huko Uingereza, ambako likizo ya kiangazi huchukua wiki sita hivi, ziko familia zinazosomeana vitabu vya watoto vya zamani. Vitabu hivyo vingi vilianza kama mazungumzo tu ya mtu mzima na mtoto. Mnamo 1862 Lewis Carroll, mwalimu wa hesabu, aliwasimulia wasichana watatu kisa wakiwa mashuani, na kitabu cha Alice kikatoka 1865. Naye Kenneth Grahame, akiwa mbali na mwanawe Alastair mwaka wa 1907, alimtumia kwa barua vituko vya chura mwenye majivuno. Vituko hivyo viliingia katika The Wind in the Willows, 1908. Kijana huyo alifariki 1920, kabla hajatimiza miaka 20. Mzazi mwenzangu, jioni za kumsomea mtoto zina hesabu yake.

Utasema Kiingereza chako ni cha kuombea maji. Si neno. Soma ukurasa, kisha ueleze kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Mtoto akikurekebisha matamshi, mwache. Jioni hiyo yeye ndiye mwalimu. Isitoshe, kisa cha Alice kimetafsiriwa: Elisi Katika Nchi ya Ajabu kilichapishwa 1940, na tafsiri ya Ida Hadjivayanis ikafuata 2015.

Sasa twende jikoni. Paddington, yule dubu wa Michael Bond aliyetoka Peru (1958), hapendi kitu kama mkate wenye jemu ya machungwa. Osha machungwa manne na limau moja, uyakamue. Katakata maganda membamba, uyachemshe hadi yalainike kabisa. Tia maji ya matunda na sukari yenye uzito sawa na wa matunda, ukoroge. Tone likigandamana kwenye sahani baridi, epua. Watoto wadogo wakae mbali, kwani sukari inayochemka huunguza kuliko maji.

Katika The Lion, the Witch and the Wardrobe cha C. S. Lewis (1950), Edmund anawasaliti ndugu zake kwa tamaa ya peremende ya Kituruki. Wakati huo peremende Uingereza zilitolewa kwa mgao, na mgao huo haukuisha hadi 1953. Wewe weka kisahani cha halua katikati ya meza, kisha waulize wanao: je, ungemsaliti nani kwa kipande hiki? Utasikia majibu ambayo hujawahi kuyasikia mwaka mzima.

Dakika ishirini zatosha. Funga kitabu mahali patamu, ili kesho wakudai. Na baba asijifiche nyuma ya gazeti, hata kama ni hili! Samaki mkunje angali mbichi.

Tukutane Jumapili ijayo.