Madaftari ya Kagunga yasomane
SAFU: KUTOKA MWALONI
Na Asha Bilali

Mei 2015 kijiji cha Kagunga, mwambao wa Ziwa Tanganyika karibu na mpaka, kilifurika wakimbizi wa Burundi, na kipindupindu kikawakuta pale, kati ya mlima na ziwa. Meli ya Liemba iliwachukua kama 600 kwa kila safari hadi Kigoma. Wakapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Kufikia Mei 22, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilitaja wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31. Kati ya waliokufa, wawili walikuwa Watanzania.

Hao wawili wananikosesha raha kila nikisoma ripoti za mlipuko. Daftari la wakimbizi haliwajui. Wenyeji wa Kagunga walitumia maji ya ziwa lilelile, lakini ukigawanya idadi ya wagonjwa kwa idadi ya wakimbizi peke yake, umewafuta wenyeji na kiwango ulichopata si sahihi.

Kuna pia kosa la upande wa pili. Mtu aliyeandikwa mgonjwa Kagunga anaweza kuandikwa tena uwanjani, kisha tena Nyarugusu. Ukijumlisha madaftari matatu, mgonjwa mmoja amekuwa watatu. Jina halikusaidii sana kumtambua: kila karani analiandika kwa sikio lake, umri ni wa kukisia, na Warundi wengi hawachangii jina la ukoo, hivyo hata mama na mwanawe huwezi kuwaunganisha kwa majina. MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, nayo inapokea jumla za mwezi, na jumla ikishafika makao makuu hakuna awezaye kuwachambua watu waliomo.

Ninachotaka ni kadi ya matibabu yenye namba moja, mgonjwa aende nayo kutoka Kagunga hadi kambini, na kila kituo kiandike namba hiyo, makazi yake na siku alipoanza kuharisha. Ripoti iunganishwe kwa namba. Majina yabaki kwa aliyemtibu, kwa sababu mtu aliyeikimbia serikali yake ana haki ya kuogopa jina lake likizungushwa ofisi kwa ofisi.

Mganga Mkuu wa Mkoa, Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, UNHCR na watendaji wa vijiji vya mwambao wanaweza kukubaliana kuhusu kadi hiyo kwa kikao kimoja. Wakae sasa, wakati hakuna mgonjwa anayewasubiri.