Choo cha Chomboni ni Somo la Kemia

Katika majahazi ya zamani yaliyotembelea pwani ya Tanga, choo kilikuwa kisanduku kilichoning'inizwa tezini. Hakikuwa na kifaa cha kuharibika. Choo cha pampu kina adui wa siri. Mkojo ukichanganyika na maji ya bahari, hujenga gamba gumu la chokaa bombani, hata njia ikasonga na vali za mpira zisifunge sawasawa. Fundi asiyejua huilaumu pampu na kuilazimisha mpaka ivunjike. Naona kosa ni letu sisi walimu: twafundisha asidi ubaoni, wala hatumwonyeshi mwanafunzi wa Pangani siki ikilitafuna gamba hilo. Siki hiyo ilale bombani usiku kucha, na vali ya ubavuni ifungwe kwanza, maana tundu litoalo uchafu laweza kuingiza bahari na kukizamisha chombo gatini.